SERVERI INAPOANGUKA MARA KWA MARA: KARTA NA PILOTI ZISIPOSIKILIZANA

Usalama na Afya

Wafanyakazi wenzetu, mama wa nyumba, na ninyi vijana mnaojifunza ufundi,

Kwenye ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu, maji safi na chandarua. Leo tutasema juu ya mashine moja ambayo wengi wenu hamjaiona hata siku moja, kwa sababu inakaa katika chumba cha baridi na mlango wake una kufuli. Jina lake ni serveri. Mtauliza: serveri na afya zinakutana wapi? Sikilizeni kwanza habari hii.

HABARI YA MTU ALIYEPOTEA NA HAKUPOTEA

Miaka michache imepita, katika kampani moja nilimofanya kazi kama msaidizi wa mganga, watu wa posti ya kwanza walikuwa wanatoka shimoni saa nane ya mchana. Kila mtu anapotoka, anapitisha kadi yake mbele ya kifaa kwenye nyumba ya taa, na ordinatere inaandika kwamba fulani ametoka. Siku ile, katikati ya kazi hiyo, vioo vyote vilikwama. Serveri ilikuwa imeanguka. Watu walikuwa wamechoka, wakarudisha taa zao, wakaenda nyumbani.

Nusu saa baadaye serveri iliinuka. Orodha yake ilionyesha kwamba mtu mmoja bado yuko chini, tena katika sehemu ambayo baruti zilikuwa zimekwisha kupigwa. Waliita kwa radio, hakuna jibu. Zamani ukutani palikuwa ubao wa jetoni za shaba, kila mtu na namba yake. Lakini ubao ule uliondolewa siku ordinatere ilipofika. Hapakuwa tena na kitu cha kuulizia.

Waokozi wanne walishuka wakati moshi ulikuwa haujaisha. Walitafuta zaidi ya saa nzima. Nyumbani kwake, mke wake alikuwa amekwisha kupata habari kwa jirani, naye alikuwa anakimbia kuja hospitali analia. Alimpita mume wake njiani bila kumwona, maana yeye alikuwa amepitia sokoni. Kijana aliyetumwa na kapita alimkuta mlangoni kwake, sahani ya bukari mkononi. Alipoletwa mbele yetu alisema: «Docta, mimi nimekufa namna gani, na niko nakula?»

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mmoja wa wale waokozi alikuwa kitandani kwangu. Maski yake ilikuwa imesogea kidogo alipopita mahali pembamba. Alikuwa anakohoa na kichwa kinamuuma sana. Tulimpa oksijeni, na tukamlaza mpaka kesho yake, kwa maana moshi wa baruti unaweza kujaza mapafu maji baada ya saa nyingi, wakati mgonjwa mwenyewe anafikiri amekwisha kupona. Alitoka salama. Lakini tungeweza kumzika mtu huyu kwa sababu ya mwenzake aliyekuwa anakula nyumbani kwake.

KILA HOMA SI MALARIA

Ile haikuwa mara ya kwanza. Katika mwezi ule serveri ilikuwa imekwisha kuanguka mara tatu. Kila mara watu walisema: «Ni umeme tu.» Walibonyeza kifungo, mashine ikaamka, kila mtu akarudi kazini.

Sisi wa hospitali tunajua kosa hili. Mtu ana homa, anakunywa dawa ya malaria bila kupimwa damu. Homa inashuka siku mbili, inarudi. Anakunywa tena. Siku ya kumi tunaona ni homa ya matumbo, nayo imekwisha kuharibu utumbo. Kuamsha serveri kwa kifungo ni kama kushusha homa. Mgonjwa ameamka, ugonjwa umebaki.

Basi walimwita fundi kijana wa ordinatere. Kabla ya kugusa kitu aliuliza maulizo manne, yale yale tunayomuuliza mgonjwa:

1. Ilianza siku gani?
2. Kabla ya siku ile, ni kitu gani kilibadilishwa?
3. Inaanguka saa gani, na wakati ule inafanya kazi gani?
4. Je, nyingine za aina yake zinaanguka pia?

Majibu yalikuwa hivi. Ilianza juma moja baada ya Jumapili ambayo programu za serveri zilitiwa upya. Inaanguka wakati wa kazi nyingi: posti zinapobadilishana, na usiku picha za radiografia zinapopelekwa kwenye akiba. Serveri ya pili, ya aina ile ile, ambayo haikuguswa Jumapili ile, haijaanguka hata mara moja. Nayo inakula umeme ule ule.

Kwa jibu hilo la mwisho, umeme ulitoka katika mashtaka.

VITU VINNE VYA KUJUA

Serveri ni ordinatere kubwa inayotumikia ordinatere nyingine nyingi. Inachunga orodha, picha na hesabu, na inajibu kila anayeuliza.

Karta ya rezo ni kipande ndani ya serveri ambapo waya wa rezo unaingia. Ni mlango wake. Kila habari inayoingia au kutoka inapita pale.

Fimwea ni programu ndogo iliyoandikwa ndani ya karta yenyewe. Inakaa pale hata umeme ukikatika, nayo ndiyo inayoifanya karta ijue kazi yake.

Piloti ni programu iliyo upande wa serveri. Kazi yake ni kusema na karta: kuipa amri na kupokea majibu yake.

Basi fimwea na piloti ni wawili wanaozungumza mchana na usiku. Mmoja yuko ndani ya karta, mwingine yuko ndani ya moyo wa serveri.

KENGELE NA KARATASI MBILI

Ninyi wa shimoni mtafahamu jambo hili upesi kuliko watu wa ofisi. Fikirini kaji inayoshusha watu. Chini yuko mtu wa kengele, juu yuko mashinisti. Hawaonani. Kinachowaunganisha ni kengele tu, na karatasi ya kengele iliyobandikwa kwa kila mmoja. Sasa wakubwa wanabadilisha karatasi ya juu, na ya chini wanaiacha ya zamani. Siku nyingi hakutakuwa na neno, kwa sababu kengele nyingi zimebaki zile zile. Kisha siku moja, watu wengi, haraka nyingi, mtu wa chini anapiga kengele ambayo kwake ni kushuka, na kwa mashinisti ni kupanda. Hakuna aliyekuwa mjinga hapo. Kila mmoja alifuata karatasi yake.

Ndivyo ilivyo kwa piloti mpya na fimwea ya zamani, au fimwea mpya na piloti ya zamani. Piloti inaitengea karta nafasi katika kumbukumbu ya serveri na kuiambia: weka habari zako hapa. Karta inaandika pale yenyewe, bila kuuliza mara ya pili. Kama hawapatani juu ya umbo la nafasi hizo, au juu ya amri fulani, piloti inaweza kusoma mahali ambapo si pake, au karta inaweza kunyamaza kabisa, na piloti ikashindwa kuiamsha.

Mtauliza: kwa nini serveri yote ianguke, isiwe karta peke yake? Kwa sababu piloti inafanya kazi ndani ya moyo wa mashine, mahali ambapo hakuna ukuta kati ya programu na programu. Moyo ukiona kosa pale, haujui tena ni habari gani ni nzima na ipi imeharibika. Basi unajisimamisha wenyewe kwa makusudi, kama vile kaji inavyojifunga kamba ikilegea. Linux inaandika maneno yake ya mwisho na kusimama, Windows kwa miaka mingi imeonyesha kioo cha buluu, na VMware ESXi inaonyesha kioo cha zambarau. Kioo kile si ugonjwa. Kinajulisha ugonjwa, na mara nyingi jina la piloti yenye kosa limeandikwa juu yake. Kwa hiyo mtu anayekimbilia kubonyeza kifungo bila kusoma anatupa karatasi ya maabara kabla daktari hajaiona.

NAMNA FUNDI ALIVYOPIMA

Kwanza, alisoma maandiko ambayo serveri iliacha kabla ya kuanguka. Mara zote tatu jina la piloti ya karta ya rezo lilikuwa pale.

Pili, alitazama matoleo. Katika Linux, amri ethtool -i pamoja na jina la karta inaonyesha piloti, toleo lake, na toleo la fimwea. Katika VMware ESXi, amri esxcli network nic get -n vmnic0 inafanya kazi hiyo. Piloti ilikuwa ya mwaka ule, fimwea ilikuwa ya miaka mingi nyuma, yaani ile iliyotoka nayo kiwandani.

Piloti nyingine zinasema zenyewe. Ile inayoitwa i40e, ya karta za Intel za jamii ya 700, inapoamka ikikuta fimwea ya zamani kuliko inayoitazamia, inaandika katika daftari la mashine kwamba fimwea itiwe upya. Ikikuta iliyo mpya kuliko inayoitazamia, inaandika kwamba piloti ibadilishwe. Lakini inaandika mara moja tu, asubuhi ya kuamka, katikati ya mistari mia nyingi. Asiyesoma daftari hataona.

Tatu, alijaribu. Aliondoa waya kwenye karta ile, akautia kwenye karta nyingine ya aina mbalimbali iliyokuwa ndani ya serveri ile ile. Siku tano, kazi ile ile, saa zile zile, serveri haikuanguka. Hapo akasema: sasa ninajua. Kabla ya hapo alikuwa anadhani tu.

DAWA, NA NAMNA YA KUITUMIA

Vijana wa ufundi, andikeni sehemu hii.

1. Tafuta jozi, usitafute kilicho kipya. Kosa la wengi ni kufikiri kwamba mpya mno ni nzuri mno. Watengenezaji wa serveri, wa karta na wa programu kubwa wanatoa orodha: karta hii, kwa piloti hii, inataka fimwea hii. Chukua jozi iliyojaribiwa pamoja.

2. Ijue karta kwa namba zake, si kwa jina la sanduku. Karta mbili za jina moja zinaweza kuwa na namba tofauti ndani. Na karta iliyouzwa na mtengenezaji wa serveri mara nyingi inataka fimwea ya mtengenezaji huyo, hata kama kipande chenyewe kimetoka kiwanda kingine.

3. Fanya akiba ya habari kwanza, na uhakikishe kwamba akiba inafunguka.

4. Chunga umeme wakati wa kuandika fimwea. Ukikatika katikati, karta inaweza kufa kabisa. Hapa kwetu tunajua umeme unavyokuja na kwenda, basi serveri iwe kwenye betri zenye nguvu ya kutosha, na gurupe iwe tayari.

5. Soma maagizo mpaka mwisho: ni kipi kinatangulia, fimwea au piloti? Je, kurudi nyuma kunawezekana? Karta nyingine hazikubali kurudishiwa fimwea ya zamani, na nyingine hazishiki fimwea mpya mpaka serveri izimwe umeme kabisa.

6. Badili kitu kimoja kwa mara moja, serveri moja kwa mara moja. Ingojee ifanye kazi nzito siku kadhaa. Ikiwa nzima, nenda kwa ya pili. Mgonjwa aliyepewa dawa nne siku moja, hatujui ni ipi iliyomponya wala ni ipi iliyomdhuru.

7. Andika katika daftari: tarehe, kilichobadilishwa, toleo la kwanza, toleo la sasa, jina la aliyefanya. Kama Jumapili ile ingalikuwa imeandikwa, fundi asingalipoteza siku mbili kwa kuuliza watu.

Angalisho moja tena. Wengine wanasema: «Sisi tuna karta mbili, moja ikifa nyingine inashika.» Ni kweli kwa waya uliokatika na kwa karta iliyoungua. Si kweli kwa ugonjwa huu. Kama karta mbili zinatumia piloti moja, piloti ile ikiangusha moyo wa serveri, karta zote mbili zinalala pamoja.

MIFANO MIWILI INAYOJULIKANA DUNIANI

Mwaka 2014, kampani HP iliwaonya wateja wake kwamba kutia fimwea mpya kwa njia fulani kungeweza kuua karta za rezo katika baadhi ya serveri zake za ProLiant. Karta iliyokufa hivyo ilitaka kubadilishwa. Aliyeanza na serveri moja alipoteza karta za serveri moja. Fikirini yule aliyezitia zote usiku mmoja.

Mfano wa pili si wa karta ya rezo, lakini ni ndugu yake. Tarehe 19 mwezi wa saba 2024, kampani CrowdStrike ya Marekani, inayouza programu ya kulinda ordinatere, ilituma faili ndogo mpya kwa wateja wake. Programu yake inafanya kazi ndani ya moyo wa Windows, pale pale piloti zinapokaa. Faili mpya ilikuwa inatazamia vipimo 21, na programu iliyokuwa ndani ya mashine ilitoa 20 tu. Ilipotafuta cha 21 ilisoma nje ya mpaka wake, na Windows ikaanguka. Microsoft ilikadiria kwamba ordinatere milioni 8.5 ziliguswa. Ndege zilibaki chini, na hospitali nyingi ziliahirisha kazi ambazo si za haraka. Kampani iliondoa faili mbaya kabla saa moja na nusu haijaisha, lakini mashine nyingi zilizoanguka zilitaka mkono wa mtu, moja moja, kwa siku nyingi. 20 na 21: tofauti ni moja tu, lakini wawili hawa hawakuwa wamejaribiwa pamoja.

KAZI YA WEWE USIYE FUNDI

Usiseme: hii ni habari ya watu wa ordinatere. Kila mtu ana sehemu yake.

Kwenye nyumba ya taa: jetoni na ubao visiondolewe. Ordinatere iwe msaidizi wa ubao, isiwe mrithi wake. Kioo kikikwama, mtu asipite mpaka jina lake limeandikwa kwa mkono, na kapita ahesabu watu wake kwa macho. Ukitoka bila kuandikwa, unawaita waokozi washuke kwenye moshi kwa ajili yako.

Hospitalini: daftari la karatasi liwe mezani kila siku, si kabatini. Kundi la damu la mgonjwa lipimwe tena kabla ya kumtia damu, hata kama ordinatere inaonyesha jibu.

Mbele ya mashine iliyoanguka: usibonyeze kifungo. Tazama saa, andika ulichokuwa unafanya, piga picha ya kioo kwa telefone, kisha ita fundi.

Wakubwa wa kazi: usimwambie fundi «amsha tu, tuendelee.» Mpe nafasi ya kusoma. Dakika ishirini za kusoma zingalitosha kuzuia yote niliyowasimulia, kwa maana maandiko ya anguko la kwanza yalikuwa na jina lile lile lililokuwa katika la tatu.

Nyumbani: mama, mume akichelewa, na jirani akaleta habari ya shimoni, tuma mtu kwanza kwa kapita au kwenye nyumba ya taa. Nawe baba, ukitoka kazini, ukipita sokoni, mjulishe mwenzako.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Fimwea inakaa wapi, na piloti inakaa wapi?
2. Kwa nini karta mbili za piloti moja hazilindi serveri kwa ugonjwa huu?
3. Serveri imeanguka wakati serveri ya pili, kwenye umeme ule ule, ni nzima. Hilo linakufundisha nini?
4. Kioo cha nyumba ya taa kimekwama, nawe unatoka shimoni. Unafanya nini kabla ya kwenda nyumbani?

Someni maulizo haya pamoja na watoto wenu wanaojifunza ordinatere. Wao watajibu ya kwanza na ya pili vizuri kuliko sisi. Ya nne, baba, inapashwa ujibu wewe mwenyewe, kila siku, saa nane ya mchana.

Yule mwokozi alirudi kazini baada ya juma moja. Na ubao wa jetoni ulirudi ukutani kabla yake.